Nyota Ndani ya Kisanduku

Ujumbe wa mwisho wa Cleophas ulisomeka hivi: "Shikamoo," halafu kisanduku kitupu, halafu, "nikija Pasaka nitakueleza." Pasaka haikumkuta. Homa ilimchukua huko huko Dar es Salaam, alikokuwa akiingiza maandishi ya kale kwenye kompyuta, akarudishwa kijijini kwao Ilemba ndani ya jeneza.

Mama yake, Jovina, mjane aliyejaliwa huyo mmoja tu, alimwambia Dominiko mwashi, "Alama yake hii ya mwisho iweke kwenye msalaba wa kaburi." Dominiko akaitazama simu ya Jovina, akachimba alichokiona kwa ncha ya mwiko kwenye saruji mbichi: kisanduku kitupu.

"Kumbe marehemu alikuwa fundi madirisha?" Rosina, jirani wa Jovina, akauliza siku ya kuusimika msalaba. Watu wakacheka chini chini. Jovina akashika rozari yake. Lakini maneno yale alilala nayo, akaamka nayo. Mwanangu kaniachia nini? Utupu?

Ndipo akapanda gari la Sumbawanga, kwa Fahadi fundi simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Hebu niambie, hiki nacho ni kitu gani?"

Fahadi akasogeza simu kwenye mwanga. "Mama, kwenye mitambo hii kila alama ina namba yake. Namba imefika salama, ila simu yako ni ya zamani, haina sura ya kuivalisha. Ndiyo maana imechora boksi." Akaihamishia alama kwenye kompyuta yake, akatafuta, kisha akamgeuzia kioo.

Kisanduku kipo, lakini ndani yake mna nyota.

"Watu wa kale wa Iraki waliigandamiza kwa tete kwenye udongo mbichi," Fahadi akasema. "Nyota hiyo kwao ilikuwa mbingu. Alama nzima maana yake ni mama."

Jovina akasogea. Akasoma polepole, kidole hewani, kama mtoto wa darasa la kwanza: "Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu," akaiitikia kompyuta. Fahadi akatazama pembeni.

Jioni akafika makaburini na msumari wa kuchongea nyota. Saruji ilishakauka, ikamkatalia. Akashuka mtoni, akachota udongo, akakijaza kile kisanduku, akavunja bua la ulezi na kuigandamiza nyota.

Rosina, aliyekuwa akipita na kuni zake, akasimama. "Dada, mvua si itausomba?"

"Itausomba," Jovina akasema. "Nami nitarudi."