Sindano ya Bwana Ushindi

Asubuhi ya mazishi ya bibi, baba mkubwa Zakayo alinifuata jikoni nikimenya ndizi. Kwetu, kabla udongo haujashuka kaburini, mjukuu wa kike mdogo kuliko wote huwaita bibi waliotangulia, jina kwa jina, kwa lugha yetu, waje kumpokea marehemu. Mjukuu huyo ni mimi.

"Nakijwa, leo sitaki makelele ya kishamba. Wageni wangu wametoka mjini."

"Sasa bibi atapokelewa na nani, baba?"

"Na kwaya!" Akacheka, akaenda zake.

Nikainamia ndizi zangu. Nilipomaliza ndizi nilijiegemeza kwenye gunia la maganda, usingizi ukanichukua.

Nikajiona katika nchi ya vumbi, isiyo na sauti ya ndege wala ya mtoto, nami nimeshikwa mkono na msichana wa rika langu aitwaye Aibu. Mbele yetu alitembea mwanamke mwenye mzigo wa kuni zinazowaka kichwani, wala haungui. "Mimi ni Hasira," akasema taratibu. "Usiniogope. Tazama kwanza, ndipo useme." Nikawaona washindi wakipita zama baada ya zama, huyu kwa farasi, yule kwa meli, mwingine kwa bunduki, wote wakiitwa Bwana Ushindi, na kila mmoja akimrithisha anayemfuata sindano ileile. Walishona midomo ya walioshindwa, kisha juu ya nyuzi wakachora midomo mipya ya rangi, wakaamuru, "Semeni kama sisi!" Wazee walikufa maneno yamewajaa mashavuni kama chakula kisichomezeka.

"Bwana Ushindi wa mwisho yuko wapi?" nikauliza.

"Aliondoka zamani. Sindano aliiacha."

Nikaiona mkononi mwa baba mkubwa, ameinama, anamshona bibi mdomo. Bibi alikuwa ananitazama mimi.

"Uzi anaupata wapi?"

Hasira alinyoosha kidole. Aibu alikuwa akiuvuta uzi ule kutoka kiganjani mwangu.

Nikazinduka. Kwaya ilikuwa imekwisha kuimba. Nilikimbia hadi kaburini, maganda yamening'ang'ania gauni, nikamkuta baba mkubwa ameshachota udongo. Nikaita jina la kwanza.

"Nyamaza, wewe!"

Nikaita la pili. Upande wa wanawake, shangazi Namkunda akaitikia, kisha wengine, mpaka wageni wakavua kofia. Baba mkubwa akabaki amesimama, udongo umemjaa kiganjani, akinisubiri nimalize.