Futi ya Marehemu

Mimi nilikufa mwanzoni mwa mvua. Sikuugua, sikuaga, wala sikuzikwa. Nilikuwa nimekaa kwenye cherehani yangu nakunja pindo la suruali, kinyozi wa duka la pili akaingia na simu mkononi, akanitazama, akacheka mpaka akashika mlango. "Mama Fundi," akasema, "kumbe wewe ni marehemu, na sisi majirani hata kuja kutoa pole hatujaja."

Akanipa simu nione. Picha ni yangu, ile niliyopigwa kwenye harusi ya mdogo wangu nikiwa nimepakwa poda na wanja mpaka sijijui. Walikuwa wameniondolea rangi, wakaniwekea mshumaa pembeni. Chini yake pameandikwa: "Fundi huyu alimpoteza mke wake kipenzi. Leo anashona peke yake kwenye cherehani aliyomwachia. Kila nguo unayoagiza inampa sababu ya kuamka." Nilisoma mara ya kwanza nikadhani ni mzaha. Niliposoma tena, mate yalinijaa mdomoni, yale mate yanayotangulia kutapika, nikatoka nje nikayatema mtaroni.

Ngoja niseme tulifikaje hapo. Mimi na mume wangu tuna duka la kushona, na kazi yetu ina msimu. Kabla shule hazijafunguliwa tunashona sare mpaka vidole vinakufa ganzi. Zikishafunguliwa, na mvua zikaanza, mtaa mzima unapoa. Nani ashone gauni jipya la kwenda nalo kwenye tope? Kinyozi anapiga miayo, mama wa saluni anajisuka mwenyewe, sisi tunatia viraka na kusubiri. Ila mwaka huu kusubiri kulikuwa kugumu. Kodi ilishachelewa, na mwenye nyumba alishaanza kumleta mtu mwingine kuliangalia duka, wanapima ukuta kwa macho na sisi tumo ndani tumekaa.

Ndipo akaja shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, kijana wa viatu vyeupe. Mtaani tunamwita Mtaalamu, naye hajagundua kwamba tunamcheka. Akasema atatengeneza tovuti ya biashara ndogo za mtaa huu, itubebe mpaka mvua ziishe. Nikamwambia chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Akanijibu, "Shemeji, siku hizi hata chema kikikaa ndani kinaoza." Nilimpenda kwa jibu lile, siwezi kukataa. Nikampa chakula, akashiba, akaomba picha, nikampa.

Kumbe Mtaalamu alishapiga hesabu zake. Watu mvua ikinyesha hawanunui nguo, lakini huruma wananunua. Basi kila mtu akagawiwa balaa lake. Kinyozi aliandikiwa kwamba analea mdogo wake kipofu, na kinyozi ni mtoto wa pekee kwao. Mama wa saluni aliunguliwa nyumba ambayo hajawahi kuwa nayo. Mume wangu akapewa msiba.

Nilimfuata mume wangu mezani, alikuwa anachora mstari wa chaki kwenye kitambaa. "Najua," akasema, kabla sijafungua mdomo. Macho hakuinua. "Ni ya msimu tu. Mvua zikiisha inafutwa."

"Kwa hiyo mvua zikiisha utanifufua?"

"Usikuze mambo, mke wangu. Ni maneno ya kwenye simu tu. Unataka tufukuzwe hapa?"

Simu yake ikaita pale pale. Akaipokea kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia, sauti ya chini, inayotokea puani, kama ya mtu mwenye mafua. "Nashukuru sana. Ni mapenzi ya Mungu. Karibu dukani." Akakata, akaendelea na chaki yake. Nilimtazama kisogo, kisogo kile kile ninachomnyolea kila wiki, na nikaona sitaki hata kukigusa.

Wateja wakaja, nisiseme uongo. Waliingia wameinamisha vichwa, wanakanyaga taratibu, wanaongea kwa kunong'ona. Na hapo ndipo akili ya hao ndugu wawili ilipoishia. Kwetu mume wangu anapima wanaume, mimi napima wanawake. Ndivyo tulivyoanza na ndivyo mtaa unavyotujua; hakuna mwanamke hapa atakayekubali kuzungushiwa futi kifuani na mwanamume, awe fundi awe nani. Katika watu wote wa kuua, walimuua mpimaji. Na huruma ile ilileta wanawake watupu.

Wa kwanza alisimama katikati ya duka, mwavuli unadondosha maji kwenye sakafu niliyoipiga deki, akauliza, "Sasa nani ananipima?"

Mume wangu akatazama pazia. Nyuma ya pazia nilikuwa mimi, nimeshika pasi. "Dada yangu," akaita. "Hebu njoo na futi."

Dada yake. Nilisimama pale na pasi mpaka nikasikia kitambaa kinaanza kuungua. Asubuhi hiyo mwenye nyumba alikuwa amepita tena na mtu wake. Basi nikaweka pasi, nikavaa futi shingoni, nikatoka kumpima yule mama. Akaniangalia sana. "Jamani, mlivyofanana na marehemu wifi yako."

"Watu wakiishi nyumba moja wanafanana," akadakia mume wangu, bila hata kumeza mate.

Tangu siku hiyo nikawa wifi yangu mwenyewe. Nikipima kiuno, naulizwa kaka yangu anakula vizuri. Nikipima mikono, naulizwa kaka yangu ataoa lini, maana nyumba bila mwanamke ni gofu. Mmoja alikuja na chakula kwenye hotipoti, amekifunga kwa kitambaa kisafi, akamkabidhi mjane wetu wa kiume kwa mikono miwili. Mume wangu akala. Chakula cha msiba wangu, mbele yangu, na vidole akalamba, akaniuliza kama kuna maji. Nilimletea maji. Sikukaa naye mezani siku ile wala baada ya hapo.

"Kufa kufaana, Mama Fundi," kinyozi akaniambia nje, anadhani ananichangamsha. "Kufa kwako kumemfaa mzee." Naye wakati huo alishaanza kupokea nguo za watoto za kumpelekea yule kipofu asiyekuwepo. Alizirundika nyuma ya kiti chake cha kunyolea. Sikumcheka, na yeye hakurudia.

Halafu akaja yule mama wa koti.

Ilikuwa mchana, mvua ya manyunyu. Aliingia na mfuko, nikaitwa dada na futi yangu kama kawaida, naye akatoa mle koti la kiume, zito, la zamani kidogo, akalilaza mezani kama anayemlaza mtoto. "Ni la mume wangu," akasema. "Amefariki mwaka huu. Nataka lipunguzwe linitoshe mimi. Nimepita mafundi wengine nikaogopa, wataliona kitambaa tu. Nilipomsoma kaka yako nikasema, huyu ataelewa."

Nikamvalisha nimpime nalo. Kola ilikuwa bado na harufu ya mtu, sabuni ya kunyolea na jasho. Nikamzungushia futi mabegani. Akaongea kwa kupitia juu ya kichwa changu, akimwelekea mume wangu.

"Fundi, samahani nikuulize. Usiku unafanyaje? Mimi mpaka leo nalala upande wangu. Ule wake siwezi kuugusa."

Nikasema moyoni, hapa atanyamaza. Hata yeye, hapa atanyamaza.

Mume wangu akatoa pini mdomoni, moja moja, akazichoma kwenye mto wake. "Hata mimi, mama," akasema. "Upande wake siugusi." Na usiku wa kuamkia siku ile alikuwa amevuta shuka lote, akakoroma mpaka nikampiga kiwiko. "Siku ya mwisho alinishika mkono," akaendelea. "Akaniambia, mume wangu, cherehani usiiache. Akanyamaza hivyo hivyo."

Na macho yakamlowa. Machozi ya kweli, yakashuka mpaka kwenye ndevu.

Mimba yetu ilipoharibika, ile moja tuliyowahi kujaliwa, mtu huyu alikaa pembeni ya kitanda cha hospitali akaniambia tusichelewe gari. Nilitafuta chozi usoni pake siku hiyo, na siku nyingi baadaye. Nikajiambia wanaume wengine hawana machozi, ndivyo walivyoumbwa. Kumbe anayo. Alikuwa ameyatunza kwa ajili ya wateja.

Yule mama alikuwa analia sasa, amenishika kiganja. "Wewe dada yake umwangalie," akaniambia. "Wanaume wanaumia ndani."

Nikaitoa futi mabegani mwake, nikaiviringisha. "Mama, unisamehe," nikasema. "Mimi siyo dada yake. Mke wake ndiye mimi. Humu ndani hakuna aliyekufa."

Akanitazama usoni polepole, macho, pua, mdomo, mpaka picha ikamkaa sawa. Nilimngoja apige kelele, aite watu, hata anizabe kofi, ningelipokea. Alivua koti, akalikunja mikono kwa ndani kama linavyokunjwa la mtu atakayelivaa kesho, akalirudisha mfukoni. Mlangoni akageuka. Mume wangu hakumtazama kabisa.

"Pole, dada," akaniambia. "Pole sana."

Katika pole zote zilizomwagwa dukani mle, hiyo ndiyo niliyopewa mimi.

Alipoondoka nikasimama nimngoje mume wangu. Neno moja tu lingetosha, hata neno bovu. Akaenda dirishani akachungulia kama yule mama anamsimulia mtu nje. Akarudi anajifuta ndevu kwa kiwiko.

"Umeona sasa," akasema. "Atakwenda kuandika huko. Na mvua hazijaisha."

Nilidhani nitapandwa na hasira. Hasira naijua, tumelala nayo mara nyingi tukaamka imepoa. Hiki kilikuwa kinyaa. Nilikuwa natazama midomo yake na mate yalikuwa yananijaa tena, na safari hii sikuona mtaro wa kuyatosha. Nikachukua mkasi wangu, futi yangu, mto wangu wa pini. Nikamwita kinyozi aje anishikie cherehani upande mmoja, maana ni yangu, alinipa mama yangu siku naolewa. Kinyozi akaja, akashika.

"Unakwenda wapi?" mume wangu akauliza.

"Mpigie mdogo wako. Mwambie tovuti ina makosa. Aandike mke hakufa, ameondoka."

"Na kazi za watu hizi zote?"

"Si ulisema unashona peke yako."

Tukatoka na cherehani kwenye manyunyu, mimi mbele, kinyozi nyuma. Mlangoni tulipishana na mteja, mwanamke, kichwa ameinamisha, mwavuli unadondosha maji. Tulikuwa hatujavuka mtaro nikamsikia ndani anauliza nani atampima.