Mkuu Mpya wa Kaya

Jumatatu saa kumi na moja jioni Profesa alikuwa barazani akisugua raba zake kwa mswaki mkuukuu, ndipo deni lake lilipoletwa. Liliteremka lenyewe kwenye gari la ofisi ya mikopo, limevaa suti ya kahawia, faili kwapani. Dereva alimpa Profesa kitabu asaini kwamba amelipokea likiwa zima.

"Ofisi imejaa," alieleza. "Wale ambao makato yao hayafikii hata riba, kila mtu anakaa na lake."

Garini lilibaki deni moja tu, la mtu aliyesomea falsafa. Lilikuwa limekalia kiti kizima cha nyuma peke yake, na likaomba dirisha lifunguliwe.

Jina la Profesa alipewa na majirani siku aliporudi na shahada ya sosholojia, na mpaka leo hawajaamua kama ni sifa au kejeli. Kazi yake ilikuwa udadisi wa takwimu: kubisha hodi nyumba hadi nyumba na kishikwambi mkononi, akiuliza watu jana wamekula mara ngapi. Alilipwa kwa kila dodoso alilojaza. Siku zisizo na utafiti hakulipwa kitu.

Mama alidhani mchumba wa bintiye ndiye aliyefika, akafuta vumbi kiti kizuri. Alipoambiwa ni deni, alishusha pumzi, ila kiti hakukiondoa.

Lilikuwa deni lenye adabu, tusiliseme vibaya. Lilisuuza kikombe chake, lilimwamkia mama kila asubuhi, na halikupandisha sauti hata mara moja. Lilikua tu. Kila mwisho wa mwezi mama aliteremsha pindo la suruali yake. Mwezi ambao Profesa alijitutumua akafanya dodoso kumi na mbili kwa siku, lilikua nusu ya kawaida, na nyumba nzima ikampongeza, deni likiwamo.

Jumapili moja baada ya chakula cha mchana Profesa alikaa mezani kupiga hesabu, mkopo upande huu, kipato upande ule. Alipata kwamba atamaliza kulipa akiwa na miaka tisini na minne.

"Tisini na saba," deni lilimsahihisha kwa upole. "Umesahau miezi isiyo na utafiti."

Hapo ndipo alipokata shauri kwamba mdogo wake hatakopa. Binti huyo alikuwa amefaulu mitihani, na fomu yake ya mkopo ilikuwa imeshajazwa: sosholojia, miaka mitatu. Ilikosa saini ya mkuu wa kaya tu.

"Nataka kujua kwa nini watu ni maskini, dada."

"Mimi najua. Nitakwambia bure."

Mkuu wa kaya alikuwa mama, na mama alikuwa amemwahidi Profesa kwamba hasaini ng'o. Ahadi hiyo ndiyo iliyompa Profesa usingizi.

Mwezi wa saba tangu deni lifike, nyumba yao iliangukia kwenye sampuli ya utafiti. Wadadisi wana kanuni moja: nyumba ikichaguliwa hairukwi. Profesa alitoka nje, akabisha hodi kwao, akakaribishwa. Akamsomea mama mwongozo neno kwa neno. Mwanakaya ni yeyote aliyelala na kula hapo kwa miezi sita. Mkuu wa kaya ni yule ambaye fedha ya nyumba haitumiki asipokubali.

Mama alitafakari. Kabla ya kununua sabuni waliliuliza deni. Kabla ya kuziba paa waliliuliza deni. Jino lake mwenyewe lilikuwa likisubiri jibu kwa mwezi wa tatu sasa.

"Niandike mimi tu, mwanangu," alisema. "Nani atajua?"

Kidole cha Profesa kilisita juu ya kioo. Chuoni alifundishwa kutoghushi jibu hata moja, na hilo ndilo pekee alilotoka nalo ambalo halijawahi kukatwa. Penye mkuu wa kaya akaandika: Deni, miaka tisa, halijaoa. Kishikwambi kilipokea bila alama nyekundu.

Kesho yake msimamizi alimpigia simu kumsifu kwa takwimu safi. Mtaa huo peke yake, alisema, una kaya kumi na nne za namna hiyo, na ripoti itaonyesha kwamba wakuu wa kaya wanaozidi kunenepa wameongezeka.

Ijumaa mdogo wake alirudi na fomu kutoka ofisi ya mtaa. Karani alikuwa ametazama kwenye mfumo, akamwambia saini ya mama haihitajiki tena. Profesa alipoingia kutoka kazini alilikuta deni mezani likisoma fomu ukurasa kwa ukurasa, hata yale maandishi madogo ya chini. Moyo ulimuuma vibaya, na aliyemkasirikia ni yeye mwenyewe.

"Usisaini," alisema. "Nakuomba."

"Wewe ndiye uliyeniandika," lilijibu bila ubaya wowote, likasaini kwa mwandiko mzuri, kisha likampa binti mkono wa pongezi.

Mama alifunika sufuria, akaligeukia.

"Na la huyu likija," aliuliza, "mtakula pamoja, au niwe nalitengea?"

Deni likasema watakula pamoja.