Mtani Hapumziki

Gregori Mhina alipoanguka kutoka juu ya magunia ya mahindi, lori lilikuwa limesimama. Watu wa Kang'ata, kijijini kwake, walilisikitikia hilo kuliko yote. Wakasema angalau lingekuwa linakwenda, ajali ingekuwa na heshima. Utingo wa miaka nenda rudi, aliyekuwa akilala juu ya mizigo kutoka Mazingara mpaka Korogwe kama mtu aliye kitandani kwake, akaenda kuvunjika uti wa mgongo akishuka kunywa chai. Kifo hakikumtaka, miguu nayo ikamkataa. Akakaa hospitali ya mbali mpaka akawajua paka wa jikoni mmoja mmoja kwa tabia, ndipo akarudishwa kwake na kiti mwendo, mipira ya kutolea mkojo, na maneno ya dada mmoja wa mazoezi ya viungo aitwaye Yusra.

Maneno ya Yusra yalikuwa mafupi. "Baba, miguu imestaafu, mikono imepandishwa cheo. Ukikaa, nyanyua makalio kila mara. Usingoje yaume, hayatauma, yataoza kimyakimya. Jisukume mwenyewe. Ukipumzika sana utanirudia hapa na kidonda."

Watu wa Kang'ata walikuwa na neno fupi zaidi: pumzika.

Ni neno zuri hilo. Halina gharama, wala halimchoshi anayelitoa. Walilileta asubuhi wakienda shamba na jioni wakirudi, wameliambatanisha na pole kama mnavyofunga ndizi na mkungu wake. Gregori akishika gurudumu, mtu humnyang'anya kama anavyonyang'anywa mtoto kisu. Akiomba maji ya kunawa, analetewa na kunawishwa. Mkewe Yusta, mwanamke mwenye huruma isiyo na breki, alimlisha uji kwa kijiko mtu ambaye mikono yake ilikuwa imepakia magunia tangu ujana. Kile kiti mwendo, jina lake hilo la kwenye hotuba, hakikuwa na mwendo wowote. Kilikaa barazani, kikaanikiwa kanga, na kuku mmoja mwenye akili akaona ni kiota.

Basi Gregori akapumzika. Alipumzika kwa bidii, mgongo chini, macho kwenye bati, mpaka akaota kidonda matakoni ambacho ngumi ingeingia. Harufu ndiyo iliyotoa taarifa. Watu wakaja kukitazama, wakatikisa vichwa, wakasema ndivyo ugonjwa ulivyo, halafu wakamshauri apumzike.

Kidonda hakikumuuma, chini ya kitovu hapakuwa na mtu wa kuumwa. Kilichomuuma kilikuja kutoka Old Korogwe kwa basi, kimeshika kilo ya sukari. Jina lake Stefano Lugusha.

Stefano ni fundi baiskeli, Mnyamwezi ambaye babu yake aliletwa na mkonge, na mkonge ukamsahau hukohuko. Mzigua na Mnyamwezi ni watani. Hilo halifundishwi, mtu huzaliwa akalikuta kama alivyoukuta mto. Kwa miaka yote hiyo, Stefano akimwona Gregori juu ya lori, aliiacha baiskeli ya mteja matumbo nje, akapaza sauti: Wazigua, waliouzana kwa pishi ya mtama wakati wa njaa, leo wamepandishwa juu ya magunia, je, mnauza mahindi au mnauza Mzigua? Gregori naye humjibu toka juu kwamba Mnyamwezi ni punda aliyejifunza kusimama kwa miguu ya nyuma, ashukuru gari limevumbuliwa, la sivyo angekuwa bado njiani na pembe ya tembo kichwani. Hiyo ndiyo ilikuwa salamu. Mmoja akifiwa, mwenzake alikuwa na kazi: kuficha sepetu, kuingia kaburini na kukataa kutoka, kumwigiza marehemu alivyokuwa akikohoa, kulizuia jeneza mlangoni mpaka wafiwa wajikomboe. Pasipo mtani, msiba ni huzuni tu.

Siku hiyo Stefano aliketi kwenye kigoda, akautazama udongo, akasema, "Pole sana, ndugu yangu."

Ndugu yangu! Gregori akadhani ni mtego. Akamtegea naye, akamuuliza ile sukari amemwibia punda gani mwenzake. Stefano akatabasamu, lile tabasamu la kumtazama mtoto mwenye homa anayesema ovyo. Akamwambia ajitahidi kupumzika. Akaaga kwa adabu, akaondoka hajatukana hata tusi moja la kuombea njia.

Gregori akabaki anatazama bati. Maiti hutaniwa. Maiti huigizwa kikohozi chake, huzuiliwa mlangoni, huambiwa deni lake la pombe mbele ya mchungaji. Yeye hakutaniwa. Maana yake walikuwa wamemweka chini ya maiti.

Kulipokucha akaomba kamba.

Yusta alimfungia kamba kwenye boriti huku akilia, na mwenyekiti wa kitongoji akaitwa, kwa sababu kamba nyumbani kwa mgonjwa si habari ya kukaa nayo. Mwenyekiti akatoa nasaha ndefu juu ya thamani ya uhai. Gregori alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwomba aangalie vizuri: anayejinyonga hushika kamba kwa shingo, yeye kaishika kwa mikono. Akajivuta, akaanguka. Akajivuta tena. Akina mama wa kanisani nao wakaja kumkemea yule waliyemwita pepo wa kutotulia, wakaweka mikono juu yake, naye akawashukuru, akawaomba hiyo mikono wamsaidie kujazia mchanga madumu yake ya kunyanyua.

Kidonda kilichukua muda wake. Alilala kifudifudi kama mtoto aliyenuna, Yusta akakiosha, nyama ikarudi polepole. Kuku alihamishwa kutoka kwenye kiti kwa matusi ya pande zote mbili. Gregori akajifunza kutoka kitandani kwenda kwenye kiti kwa mikono na ujanja, kujitia mpira wa mkojo bila kuita mtu, kuteremka mpaka kwenye shamba la mihogo na karanga nyuma ya nyumba, kukaa juu ya gunia lililokunjwa na kupalilia kwa jembe la mpini mfupi, akijiburuta mstari kwa mstari. Wapita njia walimwonea huruma mpaka jirani mmoja alimpokonya jembe amsaidie, akapalilia kwa moyo wa upendo mkubwa, akang'oa karanga zote.

Yusta naye akapona huruma. Huruma ya mke hukoma pale anapogundua mume anaweza kupakata dumu la maji na kulifikisha jikoni. Akaanza kumtuma. Akaanza hata kumgombeza kwamba magurudumu yanaingiza tope ndani. Gregori aliyapokea magombezo hayo kama mtu anayepokea mshahara uliocheleweshwa. Lakini mke si mtani. Nje ya mlango bado alikuwa mzee wa pole.

Ndipo Mzee Lugusha, baba yake Stefano, akafariki huko Old Korogwe. Gregori hakuambiwa. Alizipata habari kwa Habakuki, dereva wa Probox, aliyezitaja tu kama mtu anavyotaja bei ya mafuta. Akapiga simu. Aliyepokea, sijui mpwa gani, akamwambia kwa sauti laini kwamba wafiwa walikubaliana wasimsumbue mgonjwa.

Ndugu zake Gregori walikutana upesi, maana hakuna kikao kinachojaa kama cha kumzuia mtu. Njia ni mbaya. Kidonda kitarudi. Watu watasemaje wakimwona mlemavu anazururishwa misibani? Shemeji mmoja msomi akashauri atume rambirambi kwa simu, kistaarabu. Gregori hakubishana nao. Alimgeukia mkewe.

"Yusta, mzee wao akizikwa bila mimi mlangoni, mimi si mtani wa mtu tena, na hakuna atakayenitania mpaka naingia udongoni. Nisipokwenda, anza kunitafutia sanda, tusisumbuane."

Yusta akaingia ndani, akatoka na mto wa kukalia, mipira safi, na shati lililopigwa pasi upande wa mbele tu, kwa kuwa wa nyuma hauonekani kwenye kiti.

Habakuki alitaka kumbeba kama bibi harusi. Gregori akamwambia amshikie kiti tu na afunge mdomo. Akaweka mkono mmoja kwenye kiti cha gari, mwingine kwenye magurudumu, akajirusha, akaivuta miguu yake nyuma yake kama mizigo ya abiria. Njia nzima, kupita Handeni mjini na kuendelea, kila baada ya kitambo alijiinua juu ya mikono, akaning'inia, akakaa tena. Habakuki alivumilia, mwisho akauliza kama kiti chake kina kunguni. Gregori akasema kunguni wapo, ila yeye hawamsumbui, wanamtafuta mwenye gari.

Msibani akapokewa kwa pole nyingi kuliko mjane. Mfiwa mmoja aliyekuwa katikati ya kilio alikikatisha, akaja kumpa pole yeye, akarudi kukimalizia. Wakampeleka kivulini, mbali kabisa, pamoja na watoto na masufuria, wakampa soda na kumwambia apumzike. Jina lake la Kang'ata, mzee wa pole, lilikuwa limemfuata.

Alikunywa soda. Alingoja mpaka wimbo wa kulitoa jeneza ulipoanza. Boma la Mzee Lugusha lina uzio wa minyaa na mwanya mmoja tu wa kutokea. Gregori akajisukuma mpaka kwenye ule mwanya, akakigeuza kiti kikae upande, akafunga breki.

Wabebaji wakafika, wakasimama. Mchungaji akasema kwa upole, "Mzee wetu amekwama hapo, msaidieni." Vijana wawili wakashika mishikio.

"Sijakwama," Gregori akasema. "Nimezuia."

Hawakuelewa. Wakavuta, breki ikashika. Basi akaanza kazi yake. Akakohoa kile kikohozi cha Mzee Lugusha, cha kuanzia kwenye visigino. Akajikuna kidevu kama yeye, akalalamika kwa sauti yake kwamba mkonge wa siku hizi hauna miiba, na vijana wa siku hizi hawana vidole. Kikohozi kilikuwa chenyewe kabisa. Wakati mwingine watu wangeanguka wakicheka. Safari hii walitazamana. Mama mmoja akanong'ona, si kwa siri sana, kwamba magonjwa haya mwisho hupanda kichwani. Wabebaji wakabadilisha mabega. Jasho likawatoka.

Stefano akaja mbele, macho mekundu, kofia mkononi. Gregori akaona midomo yake inajiandaa, na akaijua herufi ya kwanza ya neno linalokuja.

Akamwahi. "Mwana wa punda. Baba yenu kabeba mizigo ya watu maisha yake yote hakuweka chini. Leo mnambeba yeye, toka sebuleni mpaka hapa, mnahema. Niambieni tu kama Wanyamwezi mmeisha, niite Wazigua wamalizie."

Stefano akayatazama magurudumu. Akaitazama mikono iliyoyashika, ilivyonenepa na kuota sugu kama ya mkata mkonge. Akatazama uso. Akavaa kofia yake.

"We Mzigua," akasema taratibu. "Ulipokuwa na miguu miwili ulishindwa kushuka kwenye gari lililosimama. Leo huna hata mmoja, ndiyo umejua kuziba njia?"

Mchungaji akafumba macho. Yule mama mnong'onaji akashika kifua. Na mjane, aliyekuwa hajacheka tangu mumewe alipougua, akaangua kicheko kikavu kilichomalizikia kwenye kwikwi, kisha kicheko tena, na uzio mzima ukamfuata.

Hapo ndipo yakaanza mazungumzo ya watu wazima. Gregori alidai ng'ombe. Wakampa kiazi. Akasema kwa kiazi atalala hapohapo, ana mto wake na mipira yake, kwenda chooni hakumbandui. Stefano akawaambia ndugu zake wasikubali kuibiwa: bei ya Mzigua tangu zamani ni pishi moja, na huyu kabaki nusu, kwa hiyo hata pishi yenyewe haifiki. Mwisho wakamkabidhi jogoo mwekundu, amefungwa miguu. Gregori akamtazama jogoo, akasema afadhali wamempa mwenzake. Akafungua breki, marehemu akapita.

Makaburi yapo upande wa mtoni, na njia yake ni mchanga. Vijana wakaja tena mbio kushika kiti.

"Mwacheni," Stefano akasema. "Mnyamwezi habebi mzigo unaojua kusema."

Wakamwacha. Msafara ukaenda na wimbo wake, Gregori akabaki nyuma na mchanga wake. Magurudumu yakazama, akayarudisha nyuma, akayasukuma, yakazama mbele kidogo. Jasho likamwingia machoni, jogoo akamchafulia lile shati upande wa mbele, ulio na pasi. Jua halikumpa pole.

Kule mbele jeneza lilikuwa limeshateremshwa, lakini kaburi halifukiwi mtani akiwa njiani. Wakasimama juani wakimngoja. Kwanza kwa heshima. Baadaye mtu akaguna. Mwingine akauliza huyu atafika leo kweli. Mwingine akajibu kwamba Wazigua ndivyo walivyo, hata njaa iliwakuta wamekaa. Mchungaji akatazama saa yake mara mbili. Yule mama mnong'onaji akasema waziwazi kwamba mtu mwenye mikono kama ile angeweza kuchangamka.

Gregori aliyasikia yote, hayo yakawa muziki. Akafika karibu nao, akasimamisha kiti. Akafunga breki, akambana jogoo kwapani, akajiinua juu ya mikono makalio yapate hewa, kama Yusra wa hospitali alivyomwagiza, bila haraka yoyote.

"Mnaharakisha nini?" akawauliza akiwa juu kule. "Marehemu ana basi la kuwahi?"

Stefano akainama, akaokota bonge la udongo wa kaburi la baba yake, akamtupia. Likampata begani, mahali panaposikia.