Faili Moja la Shemeji

Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la dawa: meza mbili zilizotazamana, feni yenye kelele, na ubishi. Jamani, ubishi! Sijapata tena ubishi mtamu kama ule.

Mwenzangu alikuwa shemeji yangu, kaka wa mke wangu, na ndiye aliyenifundisha kutengeneza tovuti. Yeye aliandika programu nzima kwenye faili moja, hatua kwa hatua, kutoka juu hadi chini. Mimi nikarudi kutoka kozini na moto wa kugawa kila kitu; kwa tovuti ya zahanati, mteja wetu, ingekuwa Mgonjwa na faili lake, Daktari na lake, Miadi na lake, na yanayofanana yarithi kutoka kwa faili moja tuliloliita mzazi.

"Shemeji, hii si programu, ni ukoo," alinitania. "Nikitaka kujua mgonjwa anakuja lini, mpaka nipige hodi kwa wajomba?"

"Na wewe mistari elfu nne mahali pamoja! Ukigusa juu, chini kunaanguka."

Tulicheka mpaka mbavu zikauma, na muuza dawa wa chini akagonga dari kwa ufagio.

Kisha akaenda likizo ya wiki mbili. Tovuti ya zahanati, aliyoihangaikia mwaka mzima, nikaivunja yote na kuiandika upya kwa mtindo wangu. Nilitaka kumwonyesha nani mkali. Aliporudi akaifungua, akatafuta mahali tarehe ya miadi inapopangwa. Akafungua faili la kwanza, la pili, la saba. Nikasubiri utani wake. Hakutania. Baada ya mwezi mmoja akaaga, akaenda kufundisha kompyuta shuleni.

Miaka tisa tukawa watu wa hujambo, sijambo kwenye shughuli za familia. Nilijiambia kaka mtu amenuna kwa kushindwa. Lakini nilimkumbuka kila nilipoiona ile meza yake tupu, na mdomo ulikuwa mzito kusema.

Juzi zahanati ikahamisha siku ya kufunga, kutoka Jumapili hadi Jumatano. Kazi ya dakika tano. Nikahangaika asubuhi nzima ndani ya mafaili yangu mwenyewe, huku wagonjwa wakiendelea kupangiwa Jumatano. Mwisho nikameza kiburi, nikampigia simu.

"Shemeji, ile siku ya kufunga niliiweka wapi?"

"Angalia kwa mzazi, chini kabisa. Kila kigumu ulikuwa unamsukumia mzazi."

Ilikuwa pale pale.

"Umejuaje?"

"Ule mwezi wangu wa mwisho niliyasoma yote, moja moja. Ni kazi nzuri, shemeji. Hata wanafunzi wangu nawafundisha hivyo hivyo."

"Sasa mbona uliondoka?"

"Hukuniuliza kabla ya kuivunja ile yangu," alisema.