Sinema Isiyo na Steringi

Mimi nimechoka, niseme mapema. Miaka ishirini na mbili natafsiri sinema kwenye banda la video la Mwantum hapa Iguguno, maiki mkononi, chai ya tangawizi pembeni, na koo langu sasa linakwaruza kama bawaba. Mzungu akifungua mdomo, naongea mimi. Mchina akifungua mdomo, naongea mimi. Wasipofungua naongea vilevile, maana hakuna mtu anayekaa kwenye benchi la mbao, chini ya bati, saa nane mchana, eti asikilize ukimya.

Na Kiingereza chenyewe? Subiri, tutafika huko.

Kuna kitu mgeni hakijui kuhusu kazi yetu. Majina ya Wazungu hayashikiki, kwa hiyo watu wa kwenye sinema nawapa majina ya watu waliomo bandani. Polisi mwenye kitambi namwita Haji, kwa sababu Haji muuza mkaa yuko pale mbele na kitambi chake. Watu wanacheka mpaka wanashikana mabega, na mwenye jina anatamba mtaani wiki nzima. Hakuna aliyewahi kuninunia.

Jumamosi ile Mwantum alikuja na sinema mpya. Mwantum ni mtoto wa wafanyabiashara wa Singida mjini, maneno machache, hasira karibu.

"Kefa, hii mjini imegombanisha watu," aliniambia. "Vijana wanaisifu, watu wazima wanataka ifungiwe. Leo tunajaza."

"Inahusu nini?"

"Inamhusu adui."

"Na steringi je?"

"Steringi hayumo."

Nikacheka. Sinema haina steringi, haina shujaa! Nani atampiga adui sasa?

Adui mwenyewe tulikuwa tunamjua. Ni yule mchomeleaji wa kwenye vitabu vya katuni, anayevaa kinyago cha kuchomelea vyuma na kuunguza miji. Katika sinema nyingine zote, jamaa anayeruka angani humtandika dakika za mwisho, tunapiga makofi, tunarudi nyumbani. Safari hii walikuwa wamemtengenezea sinema yake peke yake, kuonyesha alikotoka na kilichomharibu roho.

Banda likajaa kweli. Lakini nusu saa nzima, hata kofi moja halikupigwa. Jamaa anachomelea mageti, anarudi nyumbani, anamwogesha mama yake mgonjwa, anamlisha uji kwa kijiko, analala kwenye kiti. Kesho yake tena hivyohivyo. Joto linapanda, watu wanaanza kujikuna.

"Steringi yuko wapi?" mtu akapaza sauti.

"Anakuja," nikasema kwenye maiki. "Amepata pancha Shelui."

Wakacheka kidogo, wakanyamaza tena. Watu wakichoka hivyo, mimi natafuta jina. Nikatupa macho bandani, nikamwona Antipasi.

Antipasi alikuwa mkulima wa alizeti, mtu wa miaka arobaini hivi, kapera. Mama yake, Bi Scholastika, alipooza upande mmoja miaka sita iliyopita, na Antipasi ndiye aliyekuwa anamgeuza, anamsafisha, anamlisha. Kaka yake, Mughwai, ana kazi nzuri Nduguti. Alikuwa anakuja Krismasi na mfuko wa sukari. Kila Jumamosi jirani yao, Nasma, alikuwa anakaa na mgonjwa kwa saa mbili, na hizo saa mbili Antipasi alikuja kwetu. Mara nyingi hata sinema haangalii. Anaegemea ukuta, anasinzia.

"Huyu mchomeleaji," nikasema, "anaitwa Antipasi!"

Banda zima likalipuka kwa kicheko. Antipasi akainua kichwa, akatabasamu. Nasema mbele ya Mungu, alitabasamu.

Basi ikafika ile sehemu. Mama yuko kitandani, anamwambia mwanawe maneno machache kwa sauti ndogo. Mwana anajibu maneno machache zaidi. Kikombe cha dawa kiko juu ya meza. Jamaa anakitazama, anamtazama mama, anakaa kimya, na huo ukimya ukawa mrefu kuliko sala ya padri. Halafu anainuka, anatoka, anafunga mlango. Picha inayofuata ni jeneza.

Mimi ukimya siuwezi. Nikamsemea:

"Mama, nimechoka. Nakupenda, lakini nimechoka. Leo dawa sikupi. Lala, mama, na mimi nikalale."

Loh! Banda likawa mnada. Wanawake wa benchi la nyuma wakapiga kelele, "Yesu wangu!" Kijana mmoja akapiga makofi, mwenzake akamsukuma. Mzee mmoja akavaa kofia yake akatoka, anasema sinema kama hizi ndizo zinazoharibu watoto.

"Zima hiyo laana!"

"Usizime! Mwacheni, hamjui anachopitia!"

"Anapitia nini? Mama ni mama!"

"Wewe umewahi kumgeuza mgonjwa?"

Mwantum akasimama mlangoni, akasema atakayevunja benchi lake atalala nalo. Mimi nikamtafuta Antipasi kwa macho. Alikuwa analia. Hakujificha, analia mpaka mabega yanatikisika. Nikajisemea, sinema imemgusa, nikaendelea na kazi. Mwisho wake mchomeleaji aliunguza nusu ya mji, akakaa juu ya paa kutazama moto, taa zikawaka. Steringi hakutokea. Watu walisimama nje wanabishana mpaka jua likapoa.

Wakaendelea wiki nzima. Kwenye mashine ya kukamua alizeti wanabishana, kanisani baada ya misa wanabishana, kwenye vibanda vya vitunguu pale barabarani ndiyo usiseme. Na walibishana hivi: "Antipasi alikosea kumnyima mama yake dawa." "Antipasi mwacheni, alichoka." Walioingia bandani walijua wanamsema nani. Lakini kondakta aliyeshuka kununua vitunguu angejuaje? Wapakia mizigo wa malori wangejuaje? Walisikia kwamba Iguguno kuna mtu anaitwa Antipasi, amemnyima mama yake dawa, na watu wengine wanamtetea. Wakapanda magari yao, wakaondoka na habari.

Alhamisi asubuhi Bi Scholastika akafariki. Nesi wa zahanati alikuja, akasema ni pressure ileile iliyompoozesha, imerudi mara ya pili. Nani amsikilize nesi? Hata Nasma, aliyeishi naye ukuta kwa ukuta, alishika mdomo akaduwaa kama wenzake. Kabla ya saa sita Mughwai alikuwa amepigiwa simu na watu watatu.

Akaja na gari, hakusalimia mtu.

"Amemnyima mama dawa," alisema pale uani. "Nduguti yote wanajua tangu Jumatatu!"

Jumatatu mama alikuwa hai anakunywa uji. Hakuna hata mmoja aliyepiga hesabu hiyo, na mimi nilikuwepo, nikainama kutazama viatu vyangu.

Mughwai akatoa amri. Antipasi asiguse jeneza. Antipasi asitupe udongo kaburini. Mama akishazikwa, wanampeleka polisi. Nikategemea Antipasi ataruka, atakataa, atatukana. Wapi! Alikwenda nyuma ya nyumba, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, macho chini. Na watu wakaona: ndiyo hivyo, kama angekuwa hana hatia si angesema?

Mimi nilijua hana hatia. Ila nilitaka nijue ni kwa kiasi gani mimi ninayo. Ijumaa asubuhi nilichukua flashi yenye ile sinema, nikaenda kwa Mwalimu Winfrida, anayefundisha Kiingereza sekondari. Akaichomeka kwenye kompyuta yake, akaangalia ile sehemu mara mbili.

"Mama anasema, nimeshakunywa dawa, nenda kazini utachelewa," akaniambia. "Na mtoto anasema, nitawahi kurudi."

"Halafu?"

"Basi. Ameenda kazini, mama amefariki peke yake, na ndiyo maana anachanganyikiwa."

"Kwa hiyo hakumnyima?"

"Kefa, ni wapi hapo umeona amemnyima? Nani kakwambia?"

"Nimejiambia mwenyewe," nikasema, nikakaa chini bila kukaribishwa.

Sasa ukweli wenyewe huu hapa. Kiingereza changu ni cha darasa la saba, tena la kufeli. Miaka ishirini na mbili nimetazama midomo na macho ya watu, nikabuni. Iguguno nzima inanijua kama mtu wa Kiingereza. Wananiletea makopo ya dawa za wadudu niwasomee maelekezo, na ninasoma, Mungu anisamehe. Nikisimama kusema haya, kazi imekwisha, na heshima nayo. Nilitembea kutoka kwa mwalimu mpaka msibani nikitafuta njia nyingine, na sikuipata.

Ukoo ulikuwa umekaa chini ya turubai, jeneza liko ndani, mazishi saa tisa. Nikaingia katikati.

"Shikamooni wazee."

"Marahaba."

"Nina neno kabla hatujamzika mama. Mnaposema Antipasi alimnyima mama yake dawa, mnamsema mtu wa kwenye sinema. Jina nilimpa mimi, nichekeshe watu. Maneno nilimpa mimi. Kwenye sinema hayamo. Muulizeni Mwalimu Winfrida. Mimi Kiingereza sijui. Sijawahi kukijua hata siku moja."

Mtu mmoja nyuma akacheka, halafu akaona peke yake ndiye anayecheka. Mwantum akajifunika uso kwa khanga. Haji muuza mkaa akanitazama kwa uchungu, nadhani alikuwa anazikumbuka sinema zake zote.

Nasma akasimama. "Na dawa ya Jumatano jioni alimpa mbele yangu. Nilishika taa, yeye akashika kijiko. Nimewaacha mnaongea, nikaogopa. Mnisamehe."

Mughwai alikuwa amenikazia macho. "Yaani wewe ulimwita mdogo wangu muuaji, ili watu wacheke?"

"Ndiyo."

"Mimi nikaamini."

"Ndiyo, kaka."

Nilidhani atanipiga, na ningekubali kupigwa. Badala yake alizunguka nyuma ya nyumba, akarudi amemshika Antipasi mkono, kama unavyomshika mtoto kuvuka barabara. Akamwingiza ndani, akamweka mbele ya jeneza, akalia.

Antipasi akabeba jeneza. Akatupa udongo, wa kwanza kabisa. Na watu wa Iguguno, mnavyowajua, walipogeuka waligeuka mzimamzima. Katekista akasema pale kaburini kwamba huyu ni mtoto ambaye hakuwahi kuchoka, miaka sita hakunung'unika hata siku moja. Wanawake wakaitikia, "Malaika! Malaika kweli!" Mughwai naye akarudia mbele ya wote, mdogo wangu hakuwahi kuchoka.

Tuliporudi nilimkuta Antipasi peke yake kwenye beseni la kunawia mikono. Nikasogea.

"Nisamehe, ndugu yangu. Nilikuaibisha mbele ya watu mpaka ukalia."

"Kwani unadhani nililia kwa aibu?" Hakuinua uso. "Kefa, maneno yale ulinisikia wapi?"

"Maneno gani?"

"Mama nimechoka. Nakupenda lakini nimechoka. Miaka sita nimekuwa nayo kifuani. Namgeuza, nayasema kimoyomoyo, halafu nakwenda kuungama kama mtu aliyeiba. Sijamwambia mtu. Jumamosi ile nikayasikia kwenye spika, banda limejaa, na mtu nisiyemjua anapiga kelele, mwacheni, hamjui anachopitia. Nililia kwa raha. Nilirudi nyumbani nikamwogesha mama huku naimba, akaniuliza kwa jicho lake moja lililo zima nimepatwa na nini."

"Kwa nini jana hukujitetea?"

"Nijitetee niseme sikuchoka?"

Akakung'uta maji mikononi. Pale kwenye turubai walikuwa wameshamwekea kiti chenye mto, pembeni ya Mughwai, na wanawake wawili walikuwa wamesimama na sahani yake ya chakula.

"Umeniokoa, nakushukuru," alisema. "Lakini mtu mmoja tu alikuwa amelisema hili langu kwa sauti, na leo amesimama mbele ya ukoo mzima akasema ni uongo. Sasa mimi ni malaika, Kefa. Nimechoka mpaka mifupa, na hapa hakuna atakayeniamini tena."

"Antipasi, njoo ule, baba," wakaita. Akaenda, akakaa kwenye kile kiti, na watu wakapanga foleni kumpa mkono.