Mpaka Mlango Ufungwe

Agripina alikuwa ameisukuma ile kalamu mara mbili, na mara zote mbili kaka yake Derick aliirudisha palepale, juu ya karatasi. Karatasi yenyewe ilisema watoto wote wa mzee Anatoli wa Kasulo wamekubali kwamba shamba lote liwe la Derick: migomba, kahawa, pamoja na kile kipande cha bondeni alichokuwa akilima marehemu mama yao. Watoto wote maana yake ni wawili tu, na mmoja alikuwa ameshasaini kwa mbwembwe.

"Saini tumalize," Derick alisema. "Wewe mtu wa angani, maharage ya bondeni ya nini?"

Mtu wa angani! Huyo mtu wa angani alikuwa amekaa kwenye basi siku nzima na nusu kutoka Dar es Salaam, akashuka Benako miguu imemvimba, viatu vinambana. Ila hata hilo Derick alikuwa na jina lake. Alisema ni ubahili.

"Baba," Agripina alisema, "nataka kipande cha mama tu. Mengine yote mpe Derick. Wakinifukuza kazi kesho, nitarudi wapi?"

"Wakufukuze wapi!" mzee alisema. "Mhudumu wa ndege analipwa kama mkurugenzi. Nani asiyejua?"

Haya, hapo ndipo hasira ilipompanda. Siku zote alikuwa anameza, leo akatapika yote.

"Mshahara wangu unaishia kwenye kodi ya chumba, baba. Kinachonilisha ni posho ya saa, na saa zenyewe zinaanza kuhesabiwa ndege ikishafungwa mlango. Mlango ukiwa wazi, mimi si kitu. Nakagua viti, napokea abiria, nawainulia mizigo, natukanwa, yote hayo bure. Ndege ikiharibika nasimama hata masaa matano juu ya visigino, natabasamu. Bure!"

Derick alicheka mpaka akakohoa. "Na zile bati?"

Yesu na Maria, zile bati! Pasaka iliyopita, kwenye harambee ya kuezeka kanisa la kigango, jina lake lilitajwa, baba yake akanyoosha shingo kule mbele, na yeye mjinga akasimama akaahidi bati ishirini. Alizileta kweli, kwa mkopo ambao mpaka leo unamnyima usingizi. Na zile picha za hotelini alituma nani kama si yeye? Shimo alilichimba mwenyewe, na hilo ndilo lililomchoma kuliko kicheko cha Derick.

"Mficha uchi hazai, mwanangu," alisema shangazi yake Generoza, aliyeitwa kuwa shahidi. "Miaka yote mambo yako mazuri. Leo shamba linagawiwa ndiyo umekuwa maskini?"

Kabla Agripina hajajibu, mtu alibisha hodi. Alikuwa Niyomugabo, kibarua kutoka Burundi, anayepalilia kahawa ya mzee. Mvua ilianza alfajiri, naye akakaa chini ya paa la jiko, jembe magotini, mpaka ilipokatika saa saba mchana.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Unataka nini?"

"Mzee, jana ulinikataza nisiende kwa jirani. Nimekungoja tangu asubuhi. Nipe hata nusu ya siku."

"Nusu ya nini? Umelima? Mimi nalipa ngwe iliyolimwa, silipi makalio. Nenda kalime."

Agripina alicheka, kicheko kibaya. "Umejisikia, baba? Basi na mimi wananilipa hivyo hivyo."

Mzee aliinuka kwenye kiti. "Unajilinganisha na nani? Mtoto niliyemsomesha kwa kahawa yangu ni sawa na huyu?"

"Sawa kabisa. Tofauti ni kwamba yeye humlazimishi kutabasamu."

"Basi tajiri wako ana akili," mzee alisema. "Kungoja si kazi."

Maneno hayo yalimuuma Agripina kuliko matusi yote ya abiria. Akafungua mkoba, akachomoa noti ya elfu kumi kutoka kwenye nauli yake ya kurudi. Bila noti hiyo, Dar hafiki. Akaiweka mkononi mwa Niyomugabo, baba yake akitazama.

"Shika. Ni ya kungoja."

Niyomugabo aliipokea kwa mikono miwili. Hakuirudisha, na hakuwa na sababu ya kuirudisha. Akashukuru, akatoka.

Derick alipiga makofi. "Mmeona? Mmeona wenyewe! Elfu kumi kwa mtu aliyekaa! Na huyu ndiye hana kitu!"

Agripina aliwatazama mmoja mmoja. Hakuna aliyekuwa na shaka tena. Zilikuwa bati zilezile, safari hii amezitoa sebuleni. Shangazi aliichukua kalamu, akamfumbatisha kiganjani, taratibu, kama anayempa mgonjwa dawa.

"Saini, mama. Usitupotezee muda."

"Muda wenu nao unalipwa?" Agripina aliibwaga kalamu mezani. "Sisaini. Andikeni kwamba Agripina amekataa."

"Basi toka nyumbani kwangu!" mzee alifoka. "Toka!"

Alitoka. Nyuma yake mlango wa mbao ulibamizwa na komeo likashuka.

Uani Niyomugabo alikuwa bado anafunga ile noti kwenye ncha ya shati. Alimwangalia, akauangalia mlango. "Dada, sasa itakuwaje?"

Agripina alivua viatu vyake vya mjini akaviacha pale kizingitini. Ukutani mwa jiko kulikuwa na jembe jingine, mpini umeliwa na mchwa. Akalichukua.

"Mlango umeshafungwa," alisema. "Kuanzia sasa nahesabiwa."

Akashika njia ya bondeni, kwenye kipande cha mama yake, tope likimpanda miguuni.